Maua ya mwisho wa kiangazi: bustani ya nyumbani isiyogombea maji na watoto

Kila mwaka ifikapo Februari, ofisi yetu ya miradi hupokea maombi ya namna moja kutoka sharikani. Kamati ya maua inaomba mpira wa kumwagilia, au simtanki, au mchango wa kuvuta maji kutoka bomba la kijiji hadi bustani ya kanisa. Sababu inayotolewa ni ileile: Pasaka inakaribia, bustani imekauka, madhabahu haina ua. Kwa muda mrefu tulikuwa tunayaweka maombi hayo chini ya mengine. Maua hayana fungu katika bajeti, na hakuna mhisani aliyewahi kutuuliza habari zake.

Tulianza kuyachukulia kwa uzito baada ya kikao kimoja katika usharika wa ukanda wa juu, ambao hatutautaja. Chemchemi ilikuwa imepungua. Akina mama walikuwa wanapanga ndoo foleni tangu saa kumi alfajiri, na wakati huohuo vijana wa kamati walikuwa wanamwagilia maua ya kanisa ndoo kumi kila jioni. Mama mmoja alisimama akaeleza, bila kupaza sauti, kwamba ndoo hizo kumi zingetosha nyumba yake kwa siku tatu. Mwenyekiti wa kamati akajibu kwamba nyumba ya Mungu haiwezi kukaa kame siku ya ufufuo. Wote wawili walikuwa na haki, na sisi tuliokwenda kama wasuluhishi hatukuwa na jibu. Umwagiliaji ulisimamishwa, maua yakafa, na Pasaka ile madhabahu ikapambwa kwa maua ya plastiki yaliyonunuliwa Tanga.

Makala hii inaeleza tuliyojifunza tangu hapo, kwa kuuliza wenye bustani, kwa kujaribu, na kwa kukosea. Jambo kubwa ni hili: kitanda cha maua kinachochanua na kunukia Februari na Machi hakitengenezwi kwa maji ya Februari. Kinatengenezwa kwa kuchagua mizizi inayofaa na kwa kazi ya Novemba, wakati vuli bado inanyesha. Na mahali pake ni nyumbani kwa washarika, karibu na jiko, ambako maji ya kuoshea vyombo yapo kila siku na humwagwa tu. Uwanja wa kanisa hauna jiko.

Kiangazi chetu na kiangazi chao

Wahisani wetu wa Ulaya wanapozungumzia maua ya mwisho wa kiangazi wanamaanisha Agosti na Septemba. Kwetu miezi hiyo bado ina ubaridi. Lushoto mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na wanaoishi Magamba wako juu zaidi. Asubuhi za Julai huwezi kuona ng'ambo ya bonde kwa ukungu. Joto letu huja baada ya vuli kwisha, Januari na Februari, hadi masika yanapoingia katika Machi. Kwa hiyo mwisho wa kiangazi chetu huangukia ndani ya Kwaresima, na Pasaka hutukuta ama katika siku za mwisho za ukavu au katika tope la kwanza.

Ipo tofauti nyingine isiyoonekana kwa macho. Katika nchi zilizo mbali na ikweta mimea mingi husoma urefu wa mchana ili ijue lini itoe ua. Sisi tuko karibu nyuzi 5 tu kusini ya ikweta, na mchana wetu mrefu kuliko yote unauzidi ule mfupi kwa nusu saa hivi. Mmea wa hapa, au mgeni aliyezoea hapa, hufuata zaidi maji na joto.

Hili tunaliandika pia kwa ajili ya marafiki wanaotuletea pakiti za mbegu. Tumepokea mbegu za maua ya kudumu kutoka nchi za baridi, tukazipanda kwa furaha, zikatoa majani mazuri kwa miaka miwili na ua halikutoka hata moja. Mimea mingi ya aina hiyo inahitaji wiki kadhaa za baridi kali, ya karibu na barafu, kabla ya kukubali kuchanua. Baridi ya Lushoto hututosha sisi kuvaa masweta, lakini kwa mimea hiyo si kitu. Tena sheria ya nchi inataka mbegu ziingie kwa kibali cha afya ya mimea, kwa hiyo pakiti iliyofichwa kati ya nguo za msaada ni mzigo kwetu kuliko zawadi. Tunashukuru kwa moyo huo, ila tunaomba mbegu zibaki kwenu.

Mizizi yenye akiba

Kosa letu la kwanza lilikuwa kupenda kinachopendeza Julai. Kila anayepita njia za Lushoto anayajua yale maua makubwa meupe yenye umbo la faneli yanayoota kando ya vijito, ambayo wengi huyaita arumu. Ni mazuri kwa madhabahu na hayahitaji kazi. Tulizihimiza sharika ziyapande. Lakini arumu ni mtoto wa matope na ubaridi: hufanya kazi yake katikati ya mwaka, na joto la Januari likija pamoja na ukavu, majani yanalala. Hata ukilimwagilia, majibu yake ni majani. Tulikuwa tumepanda maua ya msimu mwingine, halafu tukailaumu chemchemi.

Maua ya kudumu, yaani yasiyopandwa upya kila mwaka, yanayofaa kwa wakati huu ni yale yaliyoweka akiba chini ya ardhi wakati wa mvua. Agapanthasi, lenye majani marefu na vichwa vya bluu au vyeupe, lina mizizi minene inayotunza maji. Asili yake ni Afrika Kusini na huchanua katika miezi ya joto. Dalia, lililotoka Meksiko, lina viazi vinavyofanana na viazi vitamu vidogo. Ukifukua shina moja baada ya maua kwisha unaweza kuligawa likawa mashina manne au matano, mradi kila kiazi kibaki na kipande cha shina chenye jicho. Haya mawili yanapendeza lakini hayanukii kitu cha kutaja.

Kwa harufu, tunaipa tubarosi nafasi ya kwanza. Nayo asili yake ni Meksiko. Inaota kutoka kiazi kinachofanana na kitunguu, inatoa mkongojo mmoja mrefu wenye maua meupe mazito yanayofunguka kuanzia chini kwenda juu, na ikikatwa vizuri inakaa ndani ya maji siku nyingi huku ikiendelea kufunguka. Kutoka kupanda hadi ua ni miezi mitatu hadi mitano. Kwa hiyo kiazi kilichoingia ardhini Oktoba au mwanzo wa Novemba hukutana na mwisho wa kiangazi bila kulazimishwa. Inapenda joto. Kwa uzoefu wetu walioko Soni wanaipata mapema kuliko walioko Magamba, na wa Magamba waipande kwenye ukuta wa nyumba unaopigwa jua la mchana. Asumini nayo inafaa sana kwa kupandishwa kwenye uzio. Akina mama wenye asili ya Tanga mjini wanaijua kuliko sisi, na hawahitaji makala.

Halafu kuna mimea inayonukia kwa majani: rosemari, mchaichai, kivumbasi, na lile ua la kopo ambalo karibu kila baraza inalo, jeraniamu. Mafuta yenye harufu yamo kwenye vifuko vidogo juu ya jani au ndani yake, na hutoka jani linapoguswa au linapopata joto. Mingi kati ya hii huvumilia ukavu, na panda moja ya jeraniamu likichomekwa kwenye udongo wenye mchanga huota lenyewe. Wanaopanda njia ya kuingia nyumbani au kanisani waiweke kandokando ambako nguo zitaigusa. Tunawafikiria hapa hasa wazee wasioona vizuri, na watoto wanaosoma katika shule ya wasioona pale Irente: kwa mtu asiyeona, njia yenye rosemari upande mmoja na mchaichai upande mwingine inatoa maelekezo.

Kwa nini ua linanukia

Washarika wengi hutushangaa tunaposema kwamba ua halinukii kwa ajili yetu. Harufu ni mwito. Ua haliwezi kutembea kumtafuta mwenzake, kwa hiyo linatoa mafuta mepesi yanayoruka hewani ili mdudu mwenye mabawa aje, ajipake chavua, na kuipeleka kwa ua jingine. Kila ua linaita kwa saa ya mgeni wake. Yanayotegemea nyuki yanaita mchana, jua likiwa limepasha petali. Yanayotegemea nondo, wale vipepeo wanene wa usiku, yanaita kuanzia jioni, na mengi ya haya ni meupe kwa sababu weupe unaonekana gizani. Tubarosi na asumini ni za kundi hili. Ndiyo maana mtu anaweza kupita saa sita mchana akasema bustani haina harufu, akirudi saa moja usiku anasimama.

Misitu yetu ina okidi nyeupe zinazofanya vivyo hivyo juu ya miti. Mwaka 1862 Charles Darwin alipoonyeshwa okidi ya Madagaska yenye mrija wa asali wa karibu sentimeta 30, alisema lazima yuko nondo mwenye ulimi wa urefu huo. Watu walicheka. Nondo wa Madagaska alikuja kuelezwa na wataalamu mwaka 1903, na ndugu zake wanaishi Afrika Mashariki pia. Tunaongeza onyo: okidi za msituni zibaki msituni. Kuzing'oa katika hifadhi kama Magamba ni kosa, na zikifika nyumbani hufa karibu zote.

Inachekesha kidogo kwamba ua lililoitangaza milima yetu duniani halina harufu kabisa. Ile violeti ya Usambara, inayouzwa kwenye vyungu katika maduka ya Ulaya na Marekani, ilipelekwa Ujerumani mwaka 1892 na afisa wa kikoloni, Walter von Saint Paul-Illaire, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akaipa jina lake la kitaalamu, Saintpaulia. Inaishi kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Usiipande juani ukategemea chochote.

Mwito huu wa harufu unagusa mizinga yetu. Maua ya vuli yakishaisha, nyuki hupungukiwa hadi mvua zirudi, na kundi lenye njaa huhama. Hapa tunatofautiana na baadhi ya kamati kuhusu uzuri. Ua lenye petali nyingi zilizojazana, kama mawaridi mengi ya kisasa na dalia za mviringo, limegeuza sehemu za chavua kuwa petali. Nyuki anafika, anazunguka, anaondoka bure. Haidranjia, ile mipira ya bluu tunayoipenda sana hapa mjini, karibu yote ni maua yasiyozaa. Hatusemi mng'oe. Tunasema kwa kila shina la namna hiyo, pandeni moja lenye petali za safu moja, na acheni mrehani na kivumbasi vitoe maua badala ya kukata vichwa kila wiki.

Kazi ya Novemba

Kitanda cha mita tatu kwa moja kinatosha nyumba moja. Walio kwenye mteremko wakiweke upande wa juu wa kinga maji, ambako udongo mzuri hukusanyika, na si chini ya mabingobingo, kwa sababu mizizi yake haigawi maji na mtu. Chimba kina cha mkono hadi kiwiko, changanya na samadi iliyooza, panda mvua ikiwa bado inanyesha.

Kabla mvua haijaisha, funika udongo kwa majani makavu ya migomba au nyasi, unene wa kiganja, ila usiyaegemeze kwenye shina. Kazi hii ndiyo inayosahaulika zaidi, na ndiyo inayookoa maji mengi kuliko nyingine yoyote. Udongo ulio wazi chini ya jua la Februari unapoteza maji kama chungu kisicho na kifuniko. Wapo waliotuambia kwamba matandazo yanaonekana machafu mbele ya nyumba. Tunaelewa, ila hatukubaliani.

Chungu chenyewe ndicho msaada wa pili. Milima hii bado ina akina mama wafinyanzi. Chukua chungu cha udongo kisichopakwa rangi wala kung'arishwa, kifukie kati ya mashina hadi mdomo tu uonekane, kijaze maji, kifunike kwa jiwe bapa. Maji hutoka polepole kupitia ukuta wa chungu, kwa kadiri udongo unavyokauka, na mizizi hukifuata na kukikumbatia. Vyungu viwili kwa kitanda kimoja vinatosha, vikijazwa kila baada ya siku tatu au nne. Jiwe ni la lazima: bila jiwe umefuga mbu. Chungu kilichopasuka kidogo mdomoni, ambacho hakifai tena jikoni, kinafaa hapa.

Ya kujazia yawe maji ya kusuuzia vyombo au mboga. Yachuje kwa kitambaa ili mafuta na mabaki yasizibe chungu. Maji ya kufulia yenye sabuni ya unga hatuyashauri kwa kila siku kwa sababu chumvi zake hujikusanya kwenye udongo, na yenye jiki yasitumike kabisa. Kwa hesabu hii hakuna ndoo inayotoka kwenye foleni kwa ajili ya ua. Kama kuna wiki nyumba haina maji hata ya kuoshea vyombo, maua yavumilie. Ndiyo maana tumechagua yenye akiba.

Waridi lina kalenda yake. Baada ya kupogolewa huchukua karibu wiki nane kuchanua katika hali yetu ya hewa, pungufu kidogo kwa Soni na zaidi kidogo kwa nyanda za juu. Kwa hiyo kamati ihesabu kurudi nyuma. Mwaka 2027 Pasaka itaangukia 28 Machi, na mkasi ushikwe mwisho wa Januari. Mwaka 2028 itakuwa 16 Aprili, na kupogoa kungoje hadi karibu 20 Februari. Wanaopogoa kila mwaka tarehe ileile hupata mawaridi Pasaka ikiwa imeshapita.

Tahadhari mbili

Ipo miti midogo yenye maua marefu meupe, ya njano au ya pinki, yanayoning'inia kama tarumbeta na kunukia sana usiku. Watu wengi hupenda kuipanda mlangoni. Ni sumu, kuanzia jani hadi mbegu, nayo huvuruga akili na mapigo ya moyo. Nyumba yenye watoto wadogo, na hasa uwanja wa shule ya chekechea, isiwe nayo. Wenye nayo wanawe mikono baada ya kuikata.

Ya pili ni mimea inayotoroka. Kituo cha Amani katika Usambara Mashariki, kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, kiliingiza mamia ya aina za mimea kwa majaribio, na baadhi zimeingia msituni na kuisukuma ya asili. Lile ua jeupe la jamii ya tangawizi, lenye harufu tamu wakati huuhuu wa mwisho wa kiangazi, lina tabia hiyo likifika kwenye kijito. Mwenye nalo alizungushie jiwe na asitupe vipande vya mizizi bondeni.

Kukata kwa ajili ya Jumapili

Kata Jumamosi alfajiri, kabla jua halijagusa kitanda, maana wakati huo shina limejaa maji. Kata mshazari kwa kisu kikali, ondoa majani yatakayozama, tumbukiza papo hapo kwenye ndoo, na uache chumba chenye kivuli hadi Jumapili. Tubarosi ikatwe maua mawili au matatu ya chini yakiwa yamefunguka. Katika kanisa dogo mikongojo mitano inatosha. Ikizidi, wenye pumu hulalamika, na wana sababu. Kwaresima yenyewe, madhabahu ikiwa na zambarau, sharika nyingi huweka majani tu, na hapo rosemari na jeraniamu hutosha kabisa.

Usharika tuliouanza nao sasa hauna bustani ya maua uwanjani, isipokuwa mchaichai kandokando ya njia. Wiki ya Pasaka kila nyumba huleta mashina matatu, yoyote yaliyopo. Maua ya plastiki yamo ndani ya sanduku sakristiani. Hakuna mzee wa kanisa aliyethubutu kuyatupa, kwa kuwa yalinunuliwa kwa sadaka. Mama aliyesimama kikaoni siku ile ndiye mtunzaji wa viazi vya tubarosi vya kugawa. Hufukuliwa Agosti na kukaushwa kivulini. Kamati zinazohitaji zipeleke majina ofisi ya jimbo kabla ya mwisho wa Septemba, na kila kamati ije na kikapu chake.